Paa lisiondoke: mwongozo kamili wa kujiandaa na dhoruba za msimu Nyanda za Juu Kusini

Mvua za kwanza zikishapiga, simu yangu haitulii. "Fundi, bati zimeondoka." Leo Uyole, kesho Igurusi, keshokutwa Makambako, na maneno ni yale yale. Nikifika nakuta kosa lile lile nililolikuta mwaka jana kwa jirani yake. Misumari ya bati iko mizima, imeng'ang'ania papi, zile mbao zinazobeba bati, vizuri kabisa. Papi ndizo zilizong'oka kwenye kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa. Au kenchi zimechomoka ukutani, paa zima limegeuzwa kama chapati na kutua kwenye mahindi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba ananunua misumari ya bati mirefu zaidi, anapigilia upya, na mwakani tunaonana tena.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake. Sehemu kubwa nimeitumia kwenye paa, kwa sababu ndipo watu wanapokosea na ndipo panapowagharimu. Kazi ya paa ifanye kiangazi, ikiisha Oktoba ni vizuri. Usisubiri mawingu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapanda ngazi

- Waya mnene wa mabati usioshika kutu, unene wa milimita 3 au 4. Hesabu mita 3 kwa kila ncha ya kenchi inayokaa ukutani, halafu ongeza kidogo.
- Vipande vya nondo ya milimita 12, kila kimoja sentimita 20, kimoja kwa kila ncha.
- Mkanda wa chuma wa kufungia mbao, upana wa sentimita 2.5 hadi 3.
- Misumari ya inchi 4, misumari ya inchi 2 na nusu, na misumari ya bati ile iliyosokotwa mwili, pamoja na raba zake. Mwenye uwezo anunue skrubu za bati.
- Nyundo, plaizi, tindo, na drili ya kuazima ikipatikana.
- Ngazi imara na mtu wa kuishikilia. Huyo mtu ni sehemu ya vifaa, usimsahau.
- Lami ya kuzibia matundu na rangi ya kuzuia kutu.
- Turubai la mita 4 kwa 6 na kamba ya manila mita 30.
- Jembe, chepe na viroba vitupu.

Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, nunua waya. Misumari ya bati ije mwisho. Najua duka la vifaa litakuambia vingine.

## Kwanza elewa upepo unafanya nini

Wengi hudhani upepo unalisukuma paa. Ungekuwa unasukuma tu, bati zisingekwenda popote, maana zimelala juu ya mbao. Upepo unaopita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na unyonyaji huo ni mkali zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kofia, pale juu kabisa pande za paa zinapokutana. Wakati huo huo, upepo ulioingia kupitia dirisha au mlango ulioachwa wazi unalisukuma kutoka ndani. Paa linavutwa kutoka juu na kusukumwa kutoka chini kwa pamoja.

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, ambao dhoruba ya radi ya alasiri inaweza kuushusha kwa dakika chache tu, unaweza kulivuta bati moja la mita 3 kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Bati lenyewe halifiki kilo 10.

Kwa hiyo paa ni mnyororo. Bati limeshikwa na papi, papi na kenchi, kenchi na woli pleti (ubao unaolala juu ya ukuta), woli pleti na ukuta. Ukikaza pingili ya juu peke yake, itakayoachia ni ya chini yake, na safari hii itaondoka na mzigo mkubwa zaidi.

Na mawe juu ya bati? Yaondoe. Bati likinyanyuka kidogo tu, jiwe linateleza, na linapoanguka haliulizi aliyekaa chini ni nani. Hivyo hivyo matairi na magogo.

## Hatua ya 1: Kagua ukiwa ndani

Anza ndani ya nyumba, juu ya dari, mchana, ukiwa na tochi. Angalia kila mahali mbao mbili zinapokutana. Shika papi kwa mkono na uitikise. Kisha shika kenchi pale inapokaa juu ya ukuta, uitikise nayo.

Nyumba nyingi huku zimeezekwa kwa mbao za paini kutoka Mafinga na Sao Hill, na mara nyingi zimenunuliwa mbichi, zimeshushwa kwenye lori asubuhi na kupigiliwa jioni. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, na msumari uliokuwa umekazwa unabaki umesimama kwenye tundu pana. Ndiyo maana nyumba iliyohimili msimu wa kwanza inaweza kuezuliwa msimu wa pili, mwenyewe akabaki anashangaa.

Tia alama ya chaki kila panapocheza. Tafuta pia mchwa, weusi wa maji, na mwanga unaopenya kwenye matundu ya misumari. Tundu linalopitisha mwanga lina msumari uliolegea.

Usipokuta hata alama moja ya chaki kwenye nyumba yenye zaidi ya miaka mitatu, rudia ukaguzi. Hujatikisa vya kutosha.

## Hatua ya 2: Funga kenchi ukutani

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, kwa sababu haionekani ukiwa nje.

Kijijini kuta nyingi ni za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo. Juu yake unawekwa ubao wa woli pleti, kenchi zinapigiliwa kwenye ubao huo, na ubao wenyewe haujashikwa na chochote. Umelala tu. Wakati mwingine fundi ameufunga kwa waya mwembamba uliopita chini ya tofali moja. Tofali moja ni kama kilo tatu. Upepo unaondoka na paa, ubao na tofali.

Unachotaka ni paa lililazimishe ukuta kuondoka nalo, na ukuta ni mzito. Fanya hivi:

Chini ya kila kenchi, shuka ukutani. Kama nyumba ina zege la linta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) lililozunguka kuta zote, toboa tundu kwenye tofali lililo chini tu ya linta, ili waya uikumbatie linta yenyewe. Kama haina, shuka angalau mita moja kutoka juu. Toboa taratibu kwenye maungio ya udongo, na usipige tofali kwa nguvu, utaufungua ukuta wote.

Pitisha waya. Upande wa nje uzungushe kwenye kipande cha nondo kilicholazwa kando ya ukuta, ili mzigo usiishie kwenye tofali moja. Ncha zote mbili zipandishe, moja nje na moja ndani, zivuke juu ya kenchi, zikutane.

Sasa kaza. Ingiza kipande cha nondo au msumari wa inchi 6 kati ya nyaya mbili na uzungushe, kama unavyokamua nguo. Nenda polepole. Waya utaanza kulia kidogo, kisha utanyooka. Ukiona rangi yake inabadilika pale unaposokota, simama, unakaribia kukatika. Ukung'ute kwa plaizi: ukilia "ti!" umekaza, ukisema "dubu", ongeza nusu mzunguko. Funika tundu kwa udongo wenye saruji kidogo na upake rangi ya kutu palipokwaruzika.

Ukimaliza, ning'inia kwenye kenchi kutoka ndani na ujaribu kuisukuma juu kwa bega ukiwa kwenye ngazi. Isisogee hata unywele.

Mafundi vijana hawaipendi hatua hii, inachukua siku mbili bila bati kuonekana kupigwa. Mama mmoja wa Inyala alinisimulia alivyomwomba fundi wake afunge waya. Kijana akamjibu: "Mama, paa hili haliendi popote, nimepiga misumari ya inchi 4." Msumari uliopigwa kutoka juu unashindwa kwa kuchomoka, na kuchomoka ni rahisi. Waya au mkanda unashindwa kwa kukatika, na hiyo ni kazi kubwa zaidi kwa upepo. Mwambie fundi wako hivyo. Akikataa, tafuta mwingine.

## Hatua ya 3: Funga papi kwenye kenchi

Hapa tumia mkanda wa chuma. Uvushe juu ya papi kama mkanda wa suruali, ushuke pande zote mbili za kenchi, upigilie misumari miwili ya inchi 2 na nusu kila upande. Misumari iingie ubavuni mwa kenchi, isiingie kutoka juu.

Ukikosa mkanda, chukua waya ule ule, zungusha mara mbili kwa umbo la herufi X na usokote.

Kama huwezi kufunga papi zote, anza na hizi: papi ya kwanza na ya pili kutoka ukingoni, papi mbili zinazopakana na kofia, na papi zote za kenchi ya kwanza na ya mwisho. Huko ndiko upepo unakonyonya zaidi. Katikati ya paa pafuate ukipata nafasi.

Angalia na nafasi kati ya papi. Kwa bati za geji 30, sentimita 90 ndiyo mwisho, na kwenye kingo rudi hadi 60. Nimekuta papi zimeachana mita moja na nusu. Bati hapo linapiga makofi usiku kucha, na kila kofi linapanua tundu la msumari.

## Hatua ya 4: Misumari ya bati

Sasa ndiyo zamu ya misumari uliyotaka kuanza nayo.

Piga juu ya mgongo wa bati, si kwenye mfereji. Mferejini maji yatapita na mbao itaoza. Kwenye kingo zote, chini, kwenye kofia na kwenye ncha mbili za nyumba, piga mgongo mmoja ruka mmoja. Katikati unaweza kuruka miwili. Msumari ukishavuka papi, ncha inayotokeza chini ikunje. Raba iguse bati bila kubonyea. Ukiponda mgongo wa bati umetengeneza birika.

Msumari uliolegea usiurudishie kwenye tundu lile lile. Ung'oe, ziba tundu kwa lami, piga mpya sentimita chache pembeni.

Onyo: usipande juu ya bati asubuhi lina umande, wala alasiri mawingu yakianza kupanda juu ya milima. Kanyaga pale palipo na papi tu, na jifunge kamba iliyovuka upande wa pili wa paa na kufungwa mahali imara.

## Hatua ya 5: Sehemu zinazoanzisha balaa

Baraza. Kama paa la baraza ni mwendelezo wa paa la nyumba, upepo unaingia chini yake na kulifungua paa lote kama kopo la samaki. Kwa anayejenga sasa, baraza liwe na paa lake peke yake. Ambaye ameshajenga, afunge nguzo za baraza chini kwenye zege na juu kwenye boriti, kwa waya, kama kenchi.

Ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta usizidi sentimita 45. Najua huku kwetu mvua inapiga kuta, watu wanapenda ukingo mrefu. Chagua: mtaro mzuri chini, au upepo juu.

Nyumba za mgongo wa tembo, zenye paa la pande mbili, zina ule ukuta wa pembetatu juu, kwenye ncha mbili. Ukuta huo umesimama peke yake na unaweza kuangukia ndani, mara nyingi juu ya kitanda. Ufungeni kwenye kenchi iliyo karibu, sehemu tatu, kwa mkanda wa chuma na ubao. Paa la pande nne halina ukuta huo na linahimili upepo vizuri zaidi. Mkianza kujenga mkaulizwa na fundi, sema pande nne.

Jiko la nje, banda la kuku, choo. Mganga hajigangi: jiko langu mwenyewe liliwahi kuondoka, kwa sababu nililiezeka kwa masalia ya kazi za watu na misumari niliyoinyoosha. Bati moja lilikutwa limekunjika kwenye mparachichi wa jirani, usawa wa kichwa cha mtu. Tangu siku hiyo vibanda nafunga kwa waya kama nyumba kubwa.

Nyumba ya nyasi: vusha kamba za manila juu ya paa kila baada ya mita moja na nusu, uzifunge kwenye vigingi vilivyozama nusu mita, vikiinamia upande wa nje. Kaza tena kamba zikishanyeshewa.

## Hatua ya 6: Maji na mlima

Juu ya nyumba, upande wa mlima, chimba mtaro wa kukinga maji. Kina sentimita 40 kinatosha nyumba nyingi, uelekee pembeni kwa mteremko mdogo, usimwage kwa jirani. Udongo uliouchimba uweke upande wa nyumba, uwe tuta. Mwagia ndoo mbili za maji juu ya mtaro: yakizunguka nyumba bila kutuama msingini, umefanya vema.

Walioikata kingo ya mlima ili wapate kiwanja, nisikilizeni vizuri. Aprili 2024 sehemu ya mlima Kawetere iliporomoka huko Itezi, jijini Mbeya, tope likafunika nyumba za watu. Mlima hutoa dalili kabla. Nyufa mpya kwenye udongo juu ya nyumba, milango iliyoanza kukwama ghafla, miti au nguzo za umeme zilizoanza kuinama, chemchemi pasipokuwa na chemchemi. Kijito kikigeuka tope ghafla, au maji yakipungua wakati mvua bado inanyesha, kuna kitu kimeziba huko juu. Ukiona mojawapo mvua ikiendelea, ondoka na watu, uende pembeni ya njia ya tope, si chini yake. Mali zibaki.

Kyela ni habari nyingine. Huko maji ya mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo yanakuja kutoka milimani hata kama kwako jua linawaka. Nafaka ziwe juu ya dari kabla ya Machi, na familia ijue mapema inakwenda kwa nani aliye mwinukoni.

Miti: kata matawi makavu na milingoti (mikaratusi) iliyoinamia nyumba. Kazi hiyo ifanye kiangazi.

## Hatua ya 7: Begi moja, sehemu moja

Begi lisilopitisha maji, likae karibu na mlango: vitambulisho, hati ya kiwanja, kadi za kliniki na bima, dawa anazotumia mgonjwa kila siku, tochi, redio ya betri, simu ya akiba yenye chaji, fedha taslimu kidogo, kiberiti kwenye mfuko wa nailoni, blanketi. Mtandao wa simu ukikatika, fedha iliyo kwenye simu haikununulii hata mkate.

Weka maji ya kunywa lita 3 au 4 kwa kila mtu kwa siku, siku tatu. Andika namba kwenye karatasi, si kwenye simu tu: 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 112 ya polisi, ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ya fundi.

## Hatua ya 8: Sikiliza utabiri, uuelewe

Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na pengine Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa tahadhari kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukisikia njano, okota vitu vya nje. Chungwa, chaji simu, jaza maji, wanaolala kwenye chumba chenye ukuta wa pembetatu wahamishe humo. Nyekundu, na wewe uko chini ya mlima au kando ya mto, lala kwa ndugu.

Watu huuliza: kimbunga kitafika Mbeya? Kimbunga kinaishi kwa joto la bahari. Kikipanda nchi kavu kinadhoofika. Hidaya wa Mei 2024 aliishia pwani, upande wa Mafia. Lakini Freddy, mwaka 2023, alipita Msumbiji na mvua yake ikaleta maafa makubwa Malawi, ambayo ni ng'ambo tu ya mto Songwe. Kwa hiyo usikipuuze kimbunga cha Msumbiji kwa kuwa ramani inaonyesha kiko mbali. Hata hivyo bati nyingi ninazozifuata mashambani hazikuondolewa na kimbunga chenye jina. Ni lile wingu jeusi la saa tisa alasiri: hewa baridi inaporomoka kutoka juu pamoja na mvua, inagonga ardhi na kutawanyika pande zote. Ukihisi upepo wa baridi wa ghafla baada ya joto, una dakika chache tu.

## Hatua ya 9: Dhoruba imefika

Funga milango na madirisha yote. Kuna watu wanaofungua dirisha "ili upepo upite". Usifanye hivyo, unauingiza upepo usukume paa.

Chomoa vifaa kwenye umeme, kisha zima meini swichi. Ingieni kwenye chumba kidogo cha ndani, mbali na madirisha na mbali na kuta za ncha za nyumba. Bati zikianza kupiga makelele, watoto waingie chini ya meza nzito.

Bati likiondoka, liache liende. Hili nalirudia kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anatoka nje kulikimbilia. Bati linaloruka ni panga.

Radi. Ukiona mwako, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Gawanya kwa 3, umepata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari uko kwenye hatari. Kaa ndani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ukiwa ndani usioge, usiguse bomba, usiongee na simu iliyo kwenye chaji, usiegemee ukuta. Kufunika kioo na kuvua nguo nyekundu ni mila za wazee wetu, siwagombezi, ila visichukue nafasi ya hayo niliyoyataja.

Radi ikikukuta shambani, shuka kutoka kileleni, acha jembe, kimbilia nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma. Usijifiche chini ya mparachichi uliosimama peke yake, wala usikae kwenye pikipiki. Pasipo pa kukimbilia, chuchumaa, miguu pamoja, na kama mko wengi mtawanyike. Aliyepigwa hana umeme mwilini. Mguse, na kama hapumui, mgandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta msaada.

Njiani, maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 huweza kulibeba gari dogo. Daraja lililofunikwa usilivuke, hata kama bodaboda anasema analijua.

Na jambo moja la huku kwetu kwenye baridi: nyumba imefungwa, umeme umekatika, watoto wanatetemeka, mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini. Valisheni watoto masweta mawili, mlale pamoja kwenye blanketi moja. Jiko libaki nje.

## Hatua ya 10: Baada ya kutulia

Usitoke haraka. Kwanza angalia nyaya. Waya wa umeme ulioanguka uchukulie kuwa una umeme, kaa mbali angalau mita 10, na uzuie watoto wasiukaribie mpaka TANESCO wafike.

Piga picha za uharibifu kabla hujagusa kitu, umpelekee mwenyekiti, maana orodha ya kamati ya maafa inaanzia kwake.

Maji ya kisima na ya mto yatakuwa yamechafuka. Yachemshe. Mbeya mjini dakika moja ya kutokota vizuri inatosha, lakini kwa mliopo juu ya mita 2,000, kama Kitulo na sehemu nyingi za Makete, yaache yatokote dakika 3. Huko juu maji yanachemka yakiwa na joto dogo zaidi.

Kwa paa lililofunguka, tumia turubai: livushe kofia ya paa, ncha zake zizungushie mabanzi, na mabanzi uyapigilie kwenye papi, pande zote mbili. Bati zilizokunjika usizirudishe juu zote. Zilizochanika kwenye matundu ya misumari zitachanika tena, zitumie kwenye uzio.

Halafu rudi kwenye waya za hatua ya pili. Baada ya wiki mbili, mbao zikishakauka, panda tena darini na plaizi, ukung'ute mmoja mmoja. Utakaosema "dubu", uongeze nusu mzunguko.